Mchikichi haupimwi kwa mafuta peke yake

Kila mara mchikichi unapotajwa katika mipango ya kilimo ya nchi za Maziwa Makuu na bonde la Kongo, swali linalotangulia huwa ni moja: hekta moja itatoa tani ngapi za mafuta? Kwa kipimo hicho, mchikichi wa dura, yaani ule wenye kokwa kubwa la ganda nene ambao umeenea Kigoma, Rumonge, Uvira, Fizi na kuendelea magharibi hadi ndani ya msitu wa Kongo, huonekana kuwa ni mti uliopitwa na wakati, unaoshikilia ardhi ambayo ingefaa kupandwa tenera, chotara yenye nyama nyingi na ganda jembamba. Sina ubishi na sifa za tenera. Ni za kweli, na nitazieleza. Ninachokibishia ni kipimo chenyewe. Mchikichi ni mti wa bidhaa nyingi, ambao watu wa msituni wameutumia kwa maelfu ya miaka, na anayeupima kwa bidhaa moja tu hujikuta akishauri ukatwe mti ambao, kwa uzazi wake, ndio mama wa chotara anayoisifia. Tenera ipandwe, tena kwa wingi, lakini isipandwe kwa kuifyeka dura.

Mtaalamu wa mimea Nikolaus Joseph von Jacquin aliuandika mti huu kwa jina la Elaeis guineensis mwaka 1763, na jambo la kusikitisha ni kwamba aliuandika kutokana na miti ya kisiwa cha Martinique, katika Bahari ya Karibi, ambako ulifika kwa njia za biashara ya watumwa. Makao yake ya asili ni Afrika, katika ukanda wa msitu wa mvua na kingo zake kuanzia Guinea na Sierra Leone, kupitia Nigeria na Cameroon, hadi Kongo, kaskazini mwa Angola na fukwe za Ziwa Tanganyika.

Wengi hudhani kuwa mti wa msitu wa mvua lazima uwe mti wa kivulini. Mchikichi hauko hivyo. Mche wake haustawi chini ya kivuli kizito; unataka jua na unyevu kwa pamoja, na kwa sababu hiyo hukua kingoni mwa mito, katika nafasi inayoachwa na mti mkubwa ulioanguka, na zaidi ya yote katika mashamba yaliyopumzishwa. Chavua iliyohifadhiwa katika matope ya maziwa ya Afrika ya Kati inaonyesha kuwa michikichi iliongezeka sana takriban miaka 2,500 iliyopita, katika kipindi ambacho msitu ulipungua na jamii za wakulima zikawa zinasambaa. Kokwa zilizoungua huchimbuliwa hadi leo chini ya misitu ambayo mtu angeapa kwamba haijawahi kuguswa na jembe.

Utaratibu uliozaa hali hiyo bado unaonekana. Mkulima anapofyeka msitu ili apande mihogo au migomba, huiacha michikichi isimame. Moto wa kusafishia shamba ukipita, mti huu hauungui kwa urahisi kama jirani zake, kwa sababu shina lake halina lile tabaka laini la ukuaji lililo chini ya gome la miti mingine, na kichipukizi chake cha pekee kiko juu kabisa, kimefungwa ndani ya makuti. Baada ya misimu michache shamba huachwa lipumzike, michikichi hubaki, na mingine huota kutokana na kokwa zilizodondoshwa na ndege, wanyama na watu. Miaka mingi baadaye kundi la michikichi katikati ya msitu ndilo linalobaki kuonyesha kwamba hapo palikuwa na kijiji. Kwa hiyo tunaposema michikichi ya porini, tunatumia maneno yanayoficha kazi ya vizazi vingi vya watu waliochagua kutoikata.

Wanyama nao wamo katika historia hiyo. Sokwe wa Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, hula sana nyama ya chikichi lakini hawapasui kokwa, ilhali wenzao wa Bossou, nchini Guinea, huweka kokwa juu ya jiwe moja na kulipiga kwa jiwe jingine mpaka wapate kiini. Yupo pia ndege mla chikichi, Gypohierax angolensis, ambaye ni wa jamii ya tai mzoga, lakini tofauti na jamaa zake anategemea tunda hili kwa sehemu kubwa ya chakula chake.

Sasa nije kwenye mafuta, kwa kuwa ndiko hesabu za tani zinakoanzia. Jambo la kwanza ambalo hesabu hizo hulisahau ni kwamba tunda moja hutoa mafuta ya aina mbili zisizofanana. Nyama ya nje, yenye rangi ya chungwa, hutoa mawese. Kiini kilicho ndani ya kokwa, yaani mise, hutoa mafuta mengine kabisa. Mawese ni mekundu kwa wingi wa karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na karibu nusu ya asidi zake za mafuta ni zile za kuganda, ndiyo maana asubuhi ya baridi chupa ya mawese huwa nzito chini na nyepesi juu. Mafuta ya mise hayana wekundu huo. Kwa tabia yanafanana zaidi na mafuta ya nazi, na hutoa povu zuri katika sabuni.

Kazi ya kuyapata mawese kijijini inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake kuna maarifa ambayo mara nyingi huitwa uduni. Mkataji hupanda kwa mkanda wa kamba unaozunguka mwili wake na shina, akiusogeza hatua kwa hatua, hukata kwanza kuti linaloubeba mkungu, kisha mkungu wenyewe, ambao aghalabu huwa na uzito wa kilo 10 hadi 25 na matunda yanayoweza kuzidi elfu moja. Mkungu ukishuka hupasuliwa vipande kwa panga au shoka, ukafunikwa kwa makuti au magunia kwa siku kadhaa mpaka matunda yaachie yenyewe kwenye miiba. Hapo huchemshwa hadi yalainike, hutwangwa kinuni au kukanyagwa kwa miguu, kokwa hutengwa na nyuzi, maji huongezwa, na lile povu jekundu linaloelea huenguliwa na kuchemshwa upya mpaka maji yote yaishe na mlio wa kutokota ukome.

Zile siku za kufunika mkungu ndizo zinazomkera mhandisi wa kiwanda. Tunda la mchikichi likichubuka, kimeng'enya kilichomo huanza papo hapo kuyavunja mafuta kuwa asidi huru, na kiwanda kinachotaka mafuta yenye asidi kidogo hutaka mkungu uingie kwenye mvuke ndani ya saa 24, au 48 zikizidi. Mtengenezaji wa kijijini analijua jambo hilo kwa ulimi wake. Katika karne ya 19, wakati meli za Liverpool zilipokuwa zikinunua mawese katika pwani ya Afrika Magharibi kwa ajili ya sabuni, mishumaa na vilainisho vya mashine, yalikuwapo mafuta laini na mafuta magumu. Magumu yalitokana na matunda yaliyoachwa yachachuke kwa muda mrefu, kisha yakakanyagwa kwenye shimo au mtumbwi: hayakuhitaji mikono mingi, lakini yaliganda na kuwa na asidi nyingi. Laini yalitokana na matunda yaliyochemshwa mapema na kutwangwa. Yalidai maji mengi, kuni nyingi na siku nyingi za kazi ya wanawake, na ndiyo yaliyofaa chakula. Kuchagua kati ya njia hizo mbili kulikuwa ni kukadiria nguvukazi: nani anayo mikono, kisima kiko umbali gani, na mnunuzi atalipa tofauti ya bei au hatalipa. Mtaalamu anayefika leo na kulaumu asidi iliyomo katika mawese ya kijijini bila kuuliza maswali hayo matatu hajaanza uchambuzi wake.

Mafuta yakishapatikana, hubaki rundo la kokwa, na hapo ndipo swali la umiliki linapojitokeza. Kwa Waigbo wa kusini-mashariki mwa Nigeria desturi ilikuwa wazi: mume alikwea mti na kukata mkungu, mawese yaliyouzwa yalihesabiwa kuwa yake ingawa mke ndiye aliyeyatengeneza, na kokwa zilikuwa mali ya mke. Mke alizipasua kwa jiwe moja moja, akauza mise, na fedha hiyo hakuna aliyemdai hesabu yake. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilieneza huko viwanda vidogo vya kukamulia vilivyoitwa Pioneer. Vilikuwa bora kwa kila kipimo cha mhandisi, kwani mkungu uleule ulitoa mafuta mengi zaidi na safi zaidi. Lakini kiwanda kilinunua tunda zima kutoka kwa mwanamume, na kokwa zikaenda pamoja na tunda. Wanawake waliandamana kuvipinga. Haikuwa mara yao ya kwanza kusimama kwa ajili ya kipato hiki: mwaka 1929, bei za mawese na mise ziliposhuka na uvumi ukaenea kuwa wanawake nao watatozwa kodi, maelfu yao walijitokeza katika harakati zinazojulikana kama Vita vya Wanawake vya Aba, na askari wa kikoloni waliwapiga risasi.

Nimeyakumbusha haya kwa sababu tenera inalirudisha swali lilelile. Katika dura ya Kiafrika, nyama huwa aghalabu asilimia 35 hadi 55 ya uzito wa tunda. Katika tenera huwa asilimia 60 hadi 90. Nyongeza hiyo haikushuka kutoka hewani. Imechukua nafasi ya ganda, na kwa kiasi fulani imechukua nafasi ya kiini, ambacho katika tenera huwa na sehemu ndogo zaidi ya tunda kuliko katika dura. Ganda jembamba ni rahisi kubangua, na hilo ni la heri kwa mwanamke mwenye vidole vyenye makovu ya mawe. Hata hivyo, mpango unaoleta miche mipya pamoja na kiwanda kinachonunua mikungu mizima, bila kusema mise zitakuwa za nani, unaihamisha fedha kutoka mkono mmoja wa nyumba kwenda mwingine, na taarifa ya mwaka itaandika jambo hilo kama ongezeko la tija.

Matumizi mengine nitayapitia kwa haraka, ingawa katika maisha ya kijiji hayapitwi. Majivu ya mkungu uliokwisha kupukuswa yana potasi nyingi, na yakichanganywa na mawese hutoa sabuni. Sabuni nyeusi ya Wayoruba na ya watu wa Ghana ilizaliwa hivyo. Makuti huezeka, chelewa zake hufungwa fagio, mihimili ya makuti hutengenezewa nyua na mitego ya samaki. Maganda ya kokwa huwaka kwa joto kali na yamewahudumia wahunzi. Makuhani wa Ifa, katika nchi ya Wayoruba, hupiga ramli kwa kokwa 16 za mchikichi. Na shina likianguka na kuanza kuoza, fukusi mkubwa aitwaye Rhynchophorus phoenicis hutaga humo, na mabuu yake manene, yenye mafuta na protini nyingi, huuzwa sokoni kama chakula cha heshima katika Cameroon na Kongo zote mbili.

Tembo, yaani pombe inayogemwa kwenye mchikichi, lastahili maneno machache zaidi. Mchikichi mmoja huzaa maua dume na maua jike, lakini kwa zamu: kipindi cha mashada dume hufuatwa na kipindi cha mashada jike. Mgema hukata shada dume na kukinga utomvu wake mtamu, ambao huanza kuchachuka ndani ya saa chache kwa chachu zilizomo hewani na katika vyombo, na mti hubaki hai na kuendelea kuzaa. Mti uliopatwa na ukame, baada ya muda, huongeza maua dume na kupunguza mikungu, kwa hiyo msimu unaopungukiwa na mawese hauna upungufu wa mashada ya kugema. Ipo njia nyingine, inayotumiwa sana Ghana, ya kuuangusha mti na kuugema kileleni. Hiyo hutoa tembo kwa wiki kadhaa na kuumaliza mti, na busara yake inategemea iwapo mti ulikuwa unaondolewa kwa vyovyote vile. Shamba la biashara halijui hayo yote. Kwake shada dume ni hasara, na mti mrefu ni hasara pia, maana baada ya takriban miaka 25 unakuwa mgumu kuvunwa na hukatwa.

Tumekwisha kuona pia mti huu ulivyokuwa ulipohesabiwa kama mafuta na si kitu kingine. Mwaka 1911 Ubelgiji ilitia saini mkataba na William Lever, mtengenezaji sabuni wa Uingereza, ukiipa kampuni yake haki katika maeneo matano ya duara nchini Kongo, kila moja likiwa na nusu-kipenyo cha kilomita 60, ambamo ingeweza kujipatia hadi hekta 750,000 za ardhi yenye michikichi. Michikichi hiyo haikupandwa na kampuni. Ilikuwa ni ile ile ya mahame na mashamba yaliyopumzishwa, lakini sheria ya kikoloni iliiita ardhi isiyolimwa kuwa ardhi tupu, na kwa neno hilo moja walioitunza kwa vizazi wakawa vibarua wa kuikwea na kukata mikungu yake. Lusanga, katika Kwilu, ikabadilishwa jina ikawa Leverville. Bei ilipoanguka wakati wa mdororo wa uchumi wa dunia na kodi ikabaki palepale, Wapende wa Kwilu waliasi mwaka 1931, na mamia yao waliuawa na jeshi la kikoloni. Simaanishi kwamba kila mradi wa mchikichi wa leo ni mkataba wa 1911. Ninasema kwamba msitu uliopumzishwa ukiandikwa katika daftari kuwa ardhi isiyotumika, kosa linalotendeka ni lilelile, hata kama aliyeliandika ana nia njema.

Niingie sasa kwenye uzazi wa mti huu, kwa sababu hapa ndipo dharau dhidi ya dura inapokosa msingi kabisa. Michikichi iko ya namna tatu kwa ganda la kokwa lake. Dura ina ganda nene. Pisifera haina ganda, na maua yake jike kwa kawaida huharibika kabla ya kuwa mkungu, hivyo kwa mvunaji ni mti tasa. Tenera iko katikati. Mwaka 1941, katika kituo cha utafiti cha Yangambi, kando ya Mto Kongo, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kuwa tofauti hiyo yote inatawaliwa na jeni moja, na kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Mwaka 2013 jeni lenyewe lilitambuliwa. Tangu ugunduzi wa Yangambi, biashara nzima ya mbegu za mchikichi duniani imesimama juu ya tendo moja: kuchukua chavua ya pisifera na kuipaka kwenye ua la dura. Mbegu zote zitakazotoka kwenye mkungu huo zitakuwa tenera. Anayebeba mimba ni dura. Bila dura iliyo bora, hakuna tenera iliyo bora.

Kutoka hapo linafuata jambo ambalo mkulima anastahili kuelezwa siku anapokabidhiwa mche, na si baadaye. Akichukua kokwa chini ya mti wake wa tenera uliochavushwa na tenera mwenzake, kwa wastani katika kila mbegu nne moja itakuwa dura, mbili tenera, na moja pisifera isiyozaa. Hatayajua hayo mpaka miti ianze kuzaa, miaka mitatu au minne baadaye, akiwa amekwisha kuitolea palizi na mbolea. Kwa hiyo kila atakapotaka kupanda upya atarudi kitaluni kununua. Hilo si baya lenyewe, maadamu kitalu kipo, kina miche ya kweli na bei yake inafikika. Lakini ni utegemezi mpya, na dura ya kijijini haikuwa nao: mbegu yake huokotwa chini ya mti na kuzaa mti unaofanana na wazazi wake. Kijiji kilichokata dura zake zote kimejinyima njia ya kurudia siku kitalu kitakapofungwa, na vitalu vya miradi hufungwa.

Upo pia upande wa magonjwa. Mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki, yanayotoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote ya dunia, kwa upande wa mama yanatokana kwa kiasi kikubwa na miche minne iliyopandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Kwa upande wa baba, moja ya koo zinazotumika sana inatokana na mti mmoja wa Eala, nchini Kongo, ulioitwa Djongo. Ufinyu huo wa ukoo uliwatia wasiwasi wenye mashamba hayo wenyewe, na mwaka 1973 watafiti wa Malaysia walishirikiana na Wanigeria kuzunguka Nigeria wakikusanya mbegu za michikichi ya mahame na ya vijijini, kazi iliyofuatwa na safari nyingine Cameroon na Kongo. Mwaka 1981 Malaysia ilikwenda tena Afrika, safari hii ikimtoa Cameroon mdudu mdogo Elaeidobius kamerunicus, ambaye ndiye mchavushaji wa asili wa mti huu. Kabla yake, huko Malaysia maua yalilazimika kuchavushwa kwa mikono ya vibarua. Mnyauko wa fuzari, ambao huletwa na kuvu na ni ugonjwa mkubwa wa mchikichi barani Afrika, unapambaniwa hadi leo kwa kutafuta miti yenye kinga na kuizalisha. Miti hiyo hutafutwa wapi? Katika makundi yenye mchanganyiko mkubwa wa kurithi, yaani haya haya ya dura tunayoshauriwa kuyaondoa.

Hoja ya upande wa pili ina uzito, nami siipuuzi. Tanzania imekuwa ikiagiza kutoka nje zaidi ya nusu ya mafuta yake ya kula, na mkulima wa Kigoma mwenye dura za zamani, ndefu na zisizotiwa mbolea, hupata kipato kidogo kwa kazi ya hatari. Msukumo wa serikali tangu mwaka 2018, uliokwenda pamoja na kuanzishwa kwa kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) na ugawaji wa miche ya tenera, ulijibu tatizo la kweli. Tenera fupi, changa na yenye nyama nyingi inampunguzia mkataji hatari ya kuanguka na inampatia mwenye shamba mafuta ambayo kwa mkungu mmoja huzidi ya dura kwa takriban asilimia 30. Anayemwambia mkulima huyo abaki na dura peke yake kwa ajili ya kuhifadhi utamaduni anamtwisha gharama ambayo yeye mwenyewe haibebi.

Ila hoja ya ziada inayoongezwa mara nyingi, kwamba tija kubwa itauokoa msitu kwa kuwa ardhi ndogo itatosha, siikubali ilivyo. Zao likileta faida zaidi kwa hekta, kinachotokea kwanza ni watu kutaka hekta zaidi, isipokuwa kama mipaka ya msitu ina mwenyewe anayeilinda. Indonesia na Malaysia hazikupoteza misitu yao kwa sababu ya tija ndogo. Tena shamba la kitaalamu hupandwa miti takriban 143 kwa hekta, na makuti yake yakishakutana juu, chini hapabaki jua la mihogo, mahindi wala maharage. Michikichi ya kijijini imesimama kwa kutawanyika, mazao ya chakula yakiwa katikati yake, na hekta hiyo ikipimwa kwa mawese pekee itaonekana dhaifu kwa sababu mihogo iliyomo haikuandikwa.

Ningependa kuona tenera ikielekezwa kwanza kwenye mashamba makuukuu yaliyoachwa na kwenye sehemu ambazo mwenye shamba mwenyewe amechagua kuanza upya, huku dura za mahame na za kingo za mito zikibaki chini ya vijiji vyenyewe. Ningependa pia kitalu cha umma kiwajibike kumpa mkulima cheti cha asili ya mche, kwa maana tenera ya uongo haitambuliki kwa macho mpaka izae. Na watafiti wanaotafuta mama wa mbegu waanze na wenyeji, kwa sababu katika vijiji vingi upo mti unaojulikana kuwa huzaa sana, au ulionusurika pale jirani zake waliponyauka, na wakataji wanaweza kumpeleka mgeni hadi chini yake.

Fomu ya afisa ugani kwa kawaida huuliza idadi ya michikichi na kiasi cha mafuta. Iongezewe mistari michache: kokwa zikishatengwa huenda kwa nani, na fedha yake hutumiwa na nani, mashada dume hugemwa au huachwa, ni mazao gani mengine yaliyo chini ya michikichi hiyo, mbegu ya kupandia huokotwa chini ya mti upi, na kwa nini ule na si mwingine. Majibu hayo yakikusanywa kabla ya panga la kwanza kupita, mpangaji atajua ni dura zipi zinaweza kupisha tenera na zipi hazipaswi kuguswa.